Nilisema Niko Nyumbani

Sisi tuliozaliwa milimani tuna kiburi kimoja cha kijinga: tunaamini mafuriko ni ya watu wa pwani. Nilizaliwa Machame, nimeishi Arusha tangu usichana wangu, na miaka yote hiyo mafuriko nimeyaona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, sahani ya ugali ikiwa mapajani. Wanaonyesha Dar es Salaam imejaa maji, watu wamejitwika magodoro, nami nasema "masikini" na kumega tonge jingine. Dada yangu mkubwa anaishi huko, jirani na bonde la Msimbazi, tangu alipoolewa. Kila masika yakianza nampigia simu kumhubiria. Hamia sehemu ya juu, namwambia, maji hayana urafiki na mtu. Yeye hucheka. Anasema wamezoea, na kwamba kila kitu cha maana ndani ya nyumba yake kinakaa juu ya matofali, hata friji.

Nilimhubiria hivyo miaka nenda miaka rudi, na mimi mwenyewe naishi bondeni. Nyumba yangu iko Themi, chini kabisa, pale njia inapoacha kuwa njia na kuwa mteremko wa kwenda mtoni. Kiwanja nilikipenda kwa sababu kilikuwa na mparachichi mkubwa, na nilikipata kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Fundi alinishauri tupandishe msingi. Nikamwambia hapa si Dar, baba, mlima ule pale unauona. Akajenga nilivyotaka.

Mto wenyewe ulikuwa wa kudharaulika. Wakati wa kiangazi unauvuka kwa kurukaruka juu ya mawe bila kulowesha kandambili. Nilizoea sauti yake kiasi kwamba niliacha kuisikia.

Sasa niseme kuhusu neno, maana jambo lote hili lilitokana na neno moja. Kwa Mchaga anayeishi Arusha, nyumbani si pale anapolala. Anapolala ni mjini, ni kwake, ni pale Themi au pale Sakina. Nyumbani ni Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la migomba walimozikwa wazazi na wazazi wa wazazi. Mtu anaweza kuwa amejenga ghorofa Arusha na wajukuu wamezaliwa humohumo, lakini Desemba ikifika atakuambia anaenda nyumbani, na atapakia mizigo kama mtu ambaye miaka yote alikuwa safarini. Ukisema uko nyumbani, wenzako wanajua uko juu kule, umekaa jikoni na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi.

Mimi sikuolewa. Sababu zake ni zangu na sina haja ya kuzianika. Kihamba chetu kilibaki kwa mdogo wangu, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa mwisho na kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni yake. Sikuwa na neno na hilo. Mama alipokuwa hai nilikuwa na chumba changu pale, chenye kitanda cha mbao na dirisha linaloangalia migomba. Mama alipofariki watu waliendelea kukiita chumba changu, nami nikaendelea kuamini. Krismasi iliyopita nilifika na begi langu na zawadi za watoto, nikafungua mlango, nikakuta magunia ya mahindi yamepangwa hadi karibu na dari. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani. Mahali pake palikuwa na pikipiki ya kijana wa mdogo wangu.

Hakuna aliyeniomba radhi kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alinitandikia sebuleni kwenye kochi na kuniletea blanketi mbili, maana alijua mimi ni mtu wa baridi. Niliimba nyimbo za Krismasi pamoja nao na nikala nyama sawa na wengine. Lakini nilipopanda gari kurudi Arusha, kabla hatujafika Usa River nilikuwa nimeshaamua. Kuanzia siku ile, nyumbani ni Themi. Kama mtu ana chumba, kitanda na ufunguo wake mfukoni, hapo ndipo kwao.

Nikaanza kulitumia neno langu jipya. Nikimaliza kushona jioni, namwambia mwenye duka la vitambaa, "Haya, mimi naenda nyumbani." Sokoni nilisema, kanisani nilisema. Hakuna aliyegutuka, kwa sababu kwa Kiswahili cha watu wote nyumbani ni nyumbani tu, ni pale mtu anapokwenda kuvua viatu. Waliopaswa kuambiwa kwamba nimelihamisha neno walikuwa wawili, dada yangu na mdogo wangu. Sikuwaambia. Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna haweki matangazo.

Pasaka ikafika katikati ya masika. Kazi yangu ni kushona majoho ya kwaya, kwa hiyo majuma kabla ya Pasaka huwa sipati hata nafasi ya kujikuna. Mdogo wangu alinipigia kuuliza kama naenda. Nikamwambia nina kazi nyingi, zikiisha nitaona. Ukweli ni kwamba joho la mwisho lilichukuliwa Alhamisi asubuhi. Sikutaka kulala kwenye kochi, basi.

Ijumaa Kuu redio ikaanza kutangaza kimbunga. Kilikuwa mbali huko baharini, kikisogea kuelekea pwani yetu, na wananchi waishio mabondeni walitakiwa kuchukua tahadhari. Nikamrukia dada yangu kwa simu. Nilimpigia asubuhi, nikampigia baada ya ibada, nikampigia tena jioni.

"Umeshatoka huko?"

"Nitoke niende wapi, mdogo wangu? Hata upepo hakuna."

"Redio imesema mabondeni!"

"Redio inasema mabondeni kila mwaka. Kwanza wewe uko wapi, mbona nasikia mvua?"

Nikamwambia ni mvua ya kawaida. Kwa kweli ilikuwa imenyesha tangu usiku bila kupumzika, na Meru haukuonekana kabisa. Upande wa kaskazini palikuwa na ukuta mweusi tu.

Mtaa wetu ulikuwa umebaki mtupu. Sijui kama nyie mmewahi kubaki kwenye mtaa wa watu wa Kilimanjaro wakati wa sikukuu. Nyumba zinafungwa moja baada ya nyingine, na kila geti linaning'inizwa kufuli kwa nje. Jirani wa kulia alikwenda Rombo. Wa mbele Kibosho. Mwalimu mstaafu wa pale kwenye kona alipakia mbuzi kwenye pikapu yake, akanipungia mkono na kuniuliza, "Mama, wewe unapanda lini?" Nikamwambia kesho. Nilitamka hivyo kwa sababu niliona aibu kusema siendi. Baada ya hapo nilisikia injini yake ikipanda mlima mpaka ikapotea, na mtaa mzima ukabaki na mbwa na mvua na mimi.

Jioni ile nilipika wali kidogo, nikala nimesimama. Niliwasha redio nisikie sauti ya mtu. Nilikuwa nimeipigania sana hii nyumba kichwani mwangu, nimeipa jina kubwa, na sasa nilikuwa ndani yake peke yangu nikaona ni kubwa mno. Niliumia, sifichi. Nikajiambia kesho nitapanda, kochi ni kochi. Kulipokucha Jumamosi kiburi kilikuwa kimerudi mahali pake, nikatafuta nguo za kufua wakati mvua inanyesha.

Umeme ulikatika mchana. Muda mfupi baadaye nikasikia mto. Nimesema kwamba nilikuwa nimeacha kuusikia, lakini hii haikuwa sauti yake ya siku zote. Ilikuwa ngurumo ya chini, na ndani yake kulikuwa na mawe yanayogongana. Nikafungua mlango wa nyuma. Maji yalikuwa yamefika kwenye shina la mparachichi, rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yamebeba chupa za plastiki, migomba iliyong'oka na mizizi yake, mlango wa choo wa mtu na kandambili moja. Nilisimama pale nikishangaa kama mtoto. Hata wakati ule akili yangu ilikuwa inasema hapa si Dar.

Simu ikaita. Alikuwa dada, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nililazimika kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Wanasema Arusha maji yamejaa!" alikuwa anapiga kelele. "Uko wapi?"

"Niko nyumbani!"

"Uko wapi?"

"Nyumbani, dada! Niko nyumbani!"

Nilisikia pumzi yake ikitoka ndefu. "Asante Yesu," akasema. "Basi tulia hukohuko. Usitoke. Umenisikia? Usithubutu kutoka."

Nikamwambia nimesikia. Simu ikakatika, na nilipojaribu kumpigia mtandao ulikuwa umekufa.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Dada yangu ndiye aliyenilea mama alipokuwa shambani, na mpaka leo akisema kaa, nakaa. Zaidi ya hapo, huyu ni mtu wa mafuriko. Ameishi nayo, anayajua, ana friji juu ya matofali. Nikasema kama yeye anasema nitulie, basi anajua kwamba kutoka ni hatari zaidi. Nikafunga mlango wa nyuma, nikasukumia matambara chini yake. Nikanyanyua cherehani kuiweka juu ya meza, nikapandisha majora ya vitambaa juu ya kabati, kisha nikaketi kitandani nikatulia kama nilivyoagizwa. Wakati huo njia ya kwenda juu ilikuwa bado inapitika. Ningevaa mabuti na kuondoka bila shida.

Maji hayakuingia mlangoni. Yaliingia kupitia tundu la bafuni, yakibubujika kwa upole, kama ya mtu aliyesahau kufunga bomba. Halafu yakaja ya mlangoni. Niliona zulia langu likielea na kujikunja. Niliona sufuria zikitoka jikoni zenyewe na kuja sebuleni. Nikapanda mezani nikaketi kando ya cherehani, miguu nimeikunja, nikaanza kuimba wimbo wa Pasaka, nikakwama ubeti wa pili kwa sababu meno yalikuwa yanagongana. Nilipotazama dirishani mtaa wote ulikuwa maji, na kila geti lilikuwa na kufuli kwa nje. Hapo nikaogopa kikweli. Si kufa hasa. Niliogopa kwamba nitakufa na ichukue siku nyingi kabla mtu hajajiuliza niko wapi.

"Hodi!"

"Karibu!" nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Nikaribie wapi, jirani, ndani ya bwawa?"

Alikuwa mama wa nyumba ya juu, pale njia inapoanza kuteremka. Babu zake walitoka Kondoa, lakini yeye kazaliwa Arusha, na baba yake kazikwa Arusha. Tulikuwa tunasalimiana vizuri, tunapeana maparachichi na visheti vya Idi, basi, zaidi ya hapo hatukuwa na mazoea. Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwangu, maji yamempita magoti, baibui kaifunga kiunoni. Nyuma yake mume wake alikuwa ameshika ncha ya kamba ndefu, na ncha nyingine walikuwa wameifunga kwenye nguzo ya umeme huko juu.

"Mtu mzima unakaa mezani unaangalia nini?" akanifokea. "Shuka!"

Nikashuka. Nilimuuliza baadaye alijuaje kwamba nipo. Akasema ilikuwa rahisi, alisimama kwenye baraza yake akatazama mageti. Mageti yote yalikuwa na kufuli kwa nje isipokuwa langu. Alimwambia mumewe, yule mama yumo ndani, na mumewe akasema haiwezekani, Wachaga wote wameenda kwao. Wakabishana kidogo halafu wakaja.

Nililala kwao. Jumapili ya Pasaka mvua ilipungua na kengele za kanisa zikasikika kutoka upande wa mjini. Nilikuwa nimevaa dera la jirani yangu, limenibana mabegani, na sikuwa na viatu, kwa hiyo kanisani sikwenda. Nilikaa kwenye mkeka barazani nikiangalia paa la nyumba yangu. Mchana akaleta pilau ya kuku kwenye sinia. Sikuwa nimesema chochote, lakini alisema, "Kula, leo ni sikukuu yako." Nililia mbele ya pilau ile mpaka mume wake akainuka kwa heshima akaenda kujifanya anaangalia kuku bandani.

Simu yangu iliingia maji. Waliizika kwenye gunia la mchele, na Jumanne ikawaka. Nilitarajia ingefurika ujumbe. Niliwaza nitakuta wamenitafuta mpaka wamekata tamaa, na hasira yangu ilikuwa imeshaandaa maneno. Zilikuwamo salamu za Heri ya Pasaka, nyingi zikiwa zilezile ambazo watu hutumiana wote. Dada yangu alikuwa ameniandikia, "Wasalimie wote huko nyumbani." Niliisoma ile mara kadhaa kabla sijaelewa, na nilipoelewa nikaketi chini.

Simu ikaita mkononi mwangu. Alikuwa mdogo wangu.

"Dada, uko wapi?"

Nikampa simu jirani, akamweleza yeye.

Alifika jioni ileile na pikapu ya kuazima. Ni mtu mkubwa sasa, ana mvi, lakini aliposimama sebuleni kwangu katikati ya tope na kuona alama ya maji ukutani, iliyofikia kimo cha meza, alijishika kichwa kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto akivunja kitu. Tulipakia cherehani, nguo zilizosalimika na blanketi, akanipeleka Machame.

Kesho yake, jikoni kwa mdogo wangu, ndipo tulipofumua mambo. Dada alikuwa kwenye simu, imewekwa sauti kubwa katikati ya meza, analia na kufoka kwa pamoja.

"Nilikuuliza mara mbili! Ukasema nyumbani!"

"Nilikuwa nyumbani."

"Ungesema Arusha! Ungesema Themi! Mimi nikalala usingizi, nikawaambia watu wangu mdogo wangu yuko salama, yuko nyumbani."

"Dada, mimi naishi wapi?"

"Unaishi Arusha, lakini nyumbani ni nyumbani!"

Mdogo wangu naye akaeleza ya kwake. Jumapili dada alimpigia akitaka kunisalimia. Akamwambia sipo. Dada akamwambia nipo, nimesema mwenyewe. Wakakubaliana kwamba nitakuwa nimeshukia kwa shangazi yetu, kule chini karibu na barabara, kwa sababu kwa shangazi nako ni nyumbani. Jumanne asubuhi shangazi alifika kusalimia, akiwa peke yake, na bado walidhani nimebaki kwake kupumzika mpaka yeye mwenyewe alipouliza mbona hanioni. Kimbunga, wakati huo, kilikuwa kimeshakufa huko baharini. Dar es Salaam ilipata manyunyu.

"Hakuna aliyekupuuza, dada," mdogo wangu akasema. "Kila mmoja wetu alijua uko kwa mwenzake."

Nilijua anasema kweli, na ndicho kilichonichoma zaidi. Ningekuwa nimepuuzwa ningegombana na mtu. Sasa ningegombana na nani? Nilikuwa nimehamisha neno kimyakimya, na wao walikuwa wamehamisha kitanda kimyakimya. Kati ya hivyo viwili maji yakanikuta mezani.

Wakaamua. Katika familia yetu mambo huamuliwa mbele yako kama vile hupo. Bonde si mahali pa mwanamke mmoja. Kiwanja kiuzwe. Nirudi nyumbani, nikae na watu, cherehani itafanya kazi popote, hata Machame kuna kwaya. Dada alisema hivyo, yeye mwenye friji juu ya matofali, na hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala kwenye kochi usiku uliotangulia, na watoto walikuwa wakipita kwa kunyata wasiniamshe, wananyata kama watu wanaompisha mgeni. Kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka sana kusema ndiyo. Niliogopa kurudi kwenye ile nyumba yenye harufu ya tope. Niliogopa mvua ya usiku, na bado naiogopa kila inapoanza.

Asubuhi mdogo wangu akaniambia, "Dada, njoo nikuonyeshe kitu." Akatangulia kati ya migomba mpaka nyuma ya nyumba, walipozikwa wazazi wetu. Makaburi yao yamewekewa vigae vyeupe. Kando ya kaburi la mama palikuwa pamelimwa na kusawazishwa, na kila pembe ya mahali pale alikuwa amepanda masale, yale majani tunayopanda mipakani na makaburini, mabichi kabisa, udongo bado una alama za mikono yake. Alikuwa ameamka alfajiri kuyapanda.

"Hapa ni pako," akasema. "Nimeshawaambia wanangu wote. Hata nikitangulia mimi, hapa asiguse mtu. Ukae karibu na mama."

Alikuwa na machozi. Alikuwa amenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, maana dada ambaye hakuolewa si kila kaka anamtengea ardhi. Nami nilikuwa na machozi, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Na chumba?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Chumba tutapanga. Mahindi yakipungua. Kwa sasa kochi lile si baya, au siyo?"

Nikatazama masale yale. Nikatazama nyumba. Nikamwambia hapa panafaa, asante, nimekubali.

Uso wake ukafunguka. Kabla sijasema jingine alikuwa ameshatoa simu na kumpigia dada. "Amekubali! Anarudi nyumbani!" Nilimsikia dada akipiga vigelegele huko Dar. Akataka aongee nami. Nikaichukua ile simu.

"Dada," nikasema, "nimekubali kuzikwa. Kuishi nitaishi Themi."

Mdogo wangu alikuwa amekamata jani la mgomba, analichana nyuzinyuzi.

"Na maji yakirudi?" dada akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Tutajuaje?"

"Chukua kalamu," nikamwambia.

Nikamsomea namba ya jirani yangu wa nyumba ya juu, tarakimu moja moja, na mdogo wangu alikuwa amesimama kati yangu na kaburi la mama, anasikiliza.